Nahau za Kiingereza Zinazotatiza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maana na Asili Zake

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaoniuliza mara kwa mara: wanafunzi wa sekondari, wafasiri wenzangu, wasomaji wa magazeti, na ndugu walioko ughaibuni wanaosikia Kiingereza cha kazini ambacho hawakufundishwa darasani. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Nahau ni nini, na inatofautianaje na methali?

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake huipati kwa kujumlisha maana ya neno moja moja. Mwambie mgeni kwamba binti wa jirani amevunja ungo, ataangaza macho uani akitafuta vipande. Mwambie kwamba tajiri fulani ana mkono wa birika, atautazama mkono. Mwenyeji hatafuti ungo wala birika, kwa sababu alipokea maana nzima kwa mpigo mmoja tangu utotoni.

Methali ni kauli kamili yenye funzo, nayo husimama peke yake. Nahau huingia ndani ya sentensi ya msemaji na kubeba nafsi na wakati kama kitenzi chochote: amevunja ungo, hajavunja ungo. Kiingereza nacho kiko hivyohivyo. *A stitch in time saves nine* ni methali, kama yetu ya usipoziba ufa. *Kick the bucket*, yaani kufa, ni nahau: *he kicked the bucket*, *she will kick the bucket*.

2. Kwa nini nyingine hazina mantiki hata kidogo?

Zilikuwa nayo. Nahau huishi muda mrefu kuliko kazi iliyoizaa. Mfano mzuri tunao sisi wenyewe: mtu wa Dodoma au Nakuru ambaye hajawahi kupanda chombo atakuambia mambo yamekwenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini, ubavu huu na ubavu ule. Nahodha aliyesema chombo kinakwenda mrama alikuwa anaeleza alichokiona. Leo tunalisema hilo kuhusu harusi, uchaguzi na mtihani, na bahari imebaki huko nyuma.

Waingereza walikuwa wanamaji, wawindaji, wafugaji wa farasi, watu wa jukwaa la maigizo na wasomaji wa Biblia. Ukijua hilo tu, nusu ya nahau zao zinaanza kufunguka. Swali la kwanza la kujiuliza ni: hili lilisemwa na nani, akiwa na nini mkononi?

3. Asili ya nahau inathibitishwaje?

Kwa maandishi yenye tarehe. Kamusi kuu ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 chini ya uhariri wa James Murray na kazi ikakamilika 1928, ilijengwa juu ya kanuni hiyo: kila neno na kila maana huwekewa ushahidi wa matumizi ya zamani kabisa yaliyopatikana. Kabla ya hapo, 1785, Francis Grose alichapisha kamusi ya lugha ya mitaani ya London. Alikusanya maneno ya wezi, askari, mabaharia na walevi, ambayo wasomi wa wakati wake hawakutaka kuyaona kwenye karatasi. Tunamshukuru mpaka leo, maana mara nyingi yeye ndiye shahidi wetu wa mwanzo.

Tarehe hufanya kazi ya hakimu. Hadithi ikisema nahau ilitokana na tukio la 1887, lakini hakuna aliyeiandika kwa miaka karibu 40 baada yake, hadithi hiyo ina kesi ya kujibu. Na ikiwa nahau ilishaandikwa kabla ya tukio, kesi imekwisha.

4. Nikikutana na nahau nisiyoijua, nifanye nini kwanza?

Usiitafsiri. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisha jiulize kama mambo yanazidi kuwa mazuri au mabaya. Hilo peke yake hukufikisha karibu. Halafu itafute kwenye kamusi kwa neno lake zito (*bucket*, *bullet*, *beans*), si kwa kitenzi chepesi kama *take* au *get*, kwa sababu chini ya vitenzi hivyo utakuta kurasa kwa kurasa.

## Zinazoulizwa zaidi

5. *It's raining cats and dogs*: paka na mbwa wametokea wapi?

Maana yake ni mvua kubwa mno, basi. Hadithi iliyoenea ni kwamba nyumba za zamani za Uingereza ziliezekwa kwa nyasi, wanyama wakalala juu ya paa kutafuta joto, na mvua ikinyesha wanateleza na kuanguka. Hadithi hiyo ilisambazwa na barua pepe ya 1999 iliyojiita *Life in the 1500s*, ambayo ilipitishwa mkono kwa mkono duniani kote. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya makuti atauliza: mbwa gani anapanda paa kulala, tena usiku wa mvua?

Mimi mwenyewe niliifundisha hadithi hiyo darasani kabla sijaichunguza, na bado inaniuma, kwa sababu najua wapo wanaoirudia kwa kuniamini.

Maandishi yanaonyesha hivi. Mshairi Henry Vaughan alitaja mvua ya mbwa na paka 1651. Muda mfupi baadaye Richard Brome akaandika katika tamthilia yake kuhusu mvua ya mbwa na vicheche. Umbo tunalolijua leo limo katika kitabu cha Jonathan Swift cha 1738, ambamo alikusanya maneno yaliyochakaa vinywani mwa watu wa tabaka la juu. Kwa hiyo nahau hii ilikuwa imechakaa tayari 1738! Swift huyohuyo, 1710, alikuwa ameandika shairi kuhusu mvua ya jijini London na mifereji iliyobeba vibwa vilivyozama na paka waliokufa. Kuna wanaounganisha taswira hiyo na nahau, lakini Vaughan alishawatangulia kwa karibu miaka 60. Ninavyoona, hakuna haja ya kisa chochote: mbwa na paka ni fujo na kelele, na mvua kubwa ni hivyohivyo.

Wanafunzi, sikilizeni. Waingereza wa leo huitumia kwa nadra. Insha inayoanza na mvua ya paka na mbwa humwambia msahihishaji kwamba umeikariri.

6. *Kick the bucket* inahusiana vipi na kifo?

Maana ni kufa, na imo katika kamusi ya Grose ya 1785. Wengi wamesikia kwamba mtu anayejinyonga husimama juu ya ndoo kisha akaipiga teke. Lipo neno jingine linaloeleza vizuri zaidi. Katika lahaja za mashariki ya Uingereza *bucket* lilikuwa pia boriti, mti wa kuning'inizia nguruwe anapochinjwa, na asili yake yaelekea ni Kifaransa cha kale. Mnyama aliyefungwa miguu hapo hurusha mateke ya mwisho akiugonga mti huo. Shakespeare analitumia neno kwa maana hiyo katika sehemu ya pili ya *Henry IV*, anapozungumzia kuning'iniza kitu kwenye *bucket* ya mpika bia.

Kwa Kiswahili iliyo karibu kwa ladha ni kukata kamba. Kukata roho ina uzito zaidi, na kuaga dunia ni ya heshima. Kuhusu mahali pa kuitumia, tazama swali la 18.

7. *Spill the beans* na *let the cat out of the bag* ni kitu kimoja?

Zote mbili ni kutoboa siri. Ya kwanza ni ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaosema imetoka kwa Wagiriki wa kale waliopiga kura kwa maharage, lakini kati ya Wagiriki hao na magazeti ya Marekani kuna zaidi ya miaka 2000 ya ukimya. Kitenzi *spill* kilishakuwa na maana ya kufichua zamani, na maharage yakaongezwa baadaye.

Sisi kwa hili hatuhitaji darasa. Penye kuku wengi hakumwagwi mtama. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja na nafaka yake, wamekuta kwamba siri ikishamwagika haizoleki. Nikifasiri riwaya na kukutana na *he spilled the beans*, huandika amemwaga mtama bila kusita.

Ya pili imeandikwa katika jarida la London 1760. Inaelezwa kwa ulaghai wa sokoni: umenunua mwananguruwe akiwa ndani ya gunia, ukifungua anatoka paka. Wafaransa na Wajerumani wanayo nahau ya kununua paka ndani ya mfuko, na Waingereza wana *buy a pig in a poke*. Hapa kwetu mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini tazama tofauti: mbuzi wetu anazungumzia kulaghaiwa, ilhali paka wao aliyetoka anazungumzia siri iliyofichuka. Usizibadilishane.

8. *Bite the bullet*: kwa nini mtu aume risasi?

Maana ni kukabili jambo chungu bila kulalamika. Kupiga moyo konde inaibeba vizuri. Maelezo ya kawaida ni kwamba askari aliyekuwa akikatwa mguu kabla ya dawa ya usingizi kuanza kutumika 1846 alipewa risasi ya kuuma. Ushahidi wa zamani zaidi ni wa jambo jingine: toleo la kamusi ya Grose la 1796 linaeleza kwamba katika vikosi fulani ilikuwa heshima ya askari kutolia anapochapwa viboko, na ili asilie alitafuna risasi. Aliyelia aliitwa *nightingale*, jina la ndege aimbaye usiku. Kwa maana yake ya leo imo katika riwaya ya Rudyard Kipling ya 1891, *The Light That Failed*.

Risasi za wakati ule zilikuwa za madini ya risasi, laini kiasi cha kuingia meno. Risasi ya leo ingemvunja mtu jino, na ndiyo maana wengi huona nahau hii haina akili.

9. Kwa nini wasanii huombeana kuvunjika mguu, *break a leg*?

Ni kumtakia mtu heri kabla hajapanda jukwaani. Aliyelelewa pwani atalielewa hili haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto mchanga mzuri hasifiwi waziwazi kwa kuhofia kijicho. Mantiki ni ileile: ukitaja heri unaiamsha shari, basi taja shari ili heri ipite salama. Wajerumani husema *Hals- und Beinbruch*, yaani kuvunjika shingo na mguu. Wengi wanaamini nayo ni Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, kilichosikika vibaya, maneno yenye maana ya mafanikio na baraka. Kiingereza kinaonyesha desturi hii kuanzia miaka ya 1920. Kwa hiyo John Wilkes Booth, mwigizaji aliyemuua Rais Lincoln 1865 na kuumia mguu, hahusiki.

10. *Once in a blue moon*: mwezi huwa buluu kweli?

Huwa, lakini kwa nadra sana, na nadra ndiyo maana yenyewe. Vumbi na majivu yenye chembe za ukubwa fulani hewani huupa mwezi rangi ya buluu. Ilitokea baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka 1883. Lakini maneno yalitangulia: kijitabu cha 1528 kinawabeza makasisi kwamba wakisema mwezi ni buluu, waumini lazima waamini. Wakati huo mwezi wa buluu ulimaanisha jambo lisilowezekana. Polepole likawa la nadra.

Kuna maana ya pili, ile ya mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda. Hiyo ilizaliwa na kosa. Mwandishi mmoja wa jarida la *Sky & Telescope* alielewa vibaya maelezo ya kalenda ya wakulima wa Maine, kosa likachapishwa Machi 1946, na leo magazeti ya dunia nzima yanalitangaza kama elimu ya kale.

Kwa Kiswahili jaribu adimu kama wali wa daku.

11. Zipi zimetoka baharini?

Hizi nazipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie.

*Three sheets to the wind* ni kulewa chakari. Kila mwanafunzi hudhani *sheet* ni shuka au tanga. Sivyo. Kwa baharia *sheet* ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, ile ambayo mabaharia wetu huiita demani. Demani ikiachiwa, tanga linapigapiga hovyo na chombo kinayumba. Demani tatu zikiachiwa, chombo kinatembea kama mlevi anayerudi nyumbani. Nahau hii inaonekana kwenye maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 19, na sidhani kama kuna tafsiri bora kuliko kusema jamaa anakwenda mrama.

*By and large* leo ni sawa na kwa jumla. *By the wind* ilikuwa kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo kadiri chombo kinavyoweza, na *large* ilikuwa kwenda upepo ukiwa upande wa nyuma. Chombo kilichofaa *by and large* kilikuwa kizuri kwa pepo zote. Baharia Samuel Sturmy ameitumia katika kitabu chake cha 1669.

*Taken aback* ni kupigwa na butwaa. Upepo ukigeuka ghafla na kulibana tanga kwenye mlingoti kutoka mbele, chombo husimama papo hapo. Na *know the ropes*, kuijua kazi, haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuona kamba za jahazi moja tu, seuze meli ya milingoti mitatu.

*Turn a blind eye*, yetu ikiwa kufumbia macho, husimuliwa kwa kisa cha Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, katika vita vya Copenhagen, 1801. Mkubwa wake, Hyde Parker, alitoa ishara ya kurudi nyuma. Nelson, ambaye jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza nuru tangu vita vya Calvi 1794, akaweka darubini kwenye jicho hilo na kusema haioni ishara.

## Zilizotoka vitabuni na jukwaani

12. Biblia imechangia kiasi gani?

Nyingi mno. Zilipita kwa mfasiri William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilichapishwa 1526, kisha kwa tafsiri ya Mfalme James ya 1611. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anazo tayari bila kujua. *By the skin of one's teeth*, kuponea chupuchupu, ni Ayubu 19:20, pale Ayubu anapotaja ngozi ya meno yake. *A drop in the bucket* ni tone la maji katika ndoo, Isaya 40:15. *The writing on the wall*, dalili ya maangamizi yanayokuja, ni mkono ulioandika Mene, mene, tekeli, na peresi ukutani mwa mfalme Belshaza, Danieli sura ya 5. Ushauri wangu kwa mwalimu: fungua aya yenyewe darasani. Dakika mbili zinatosha.

13. Na Shakespeare? Na ngano?

*A pound of flesh* ni deni linalodaiwa bila huruma. Imetoka kwa Shylock, mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, 1969. *It's Greek to me*, sielewi hata chembe, imo katika *Julius Caesar*, nayo Mwalimu aliifasiri. *Green-eyed monster*, wivu, ni maneno ya Iago katika *Othello*.

*Sour grapes* ni ya Aesop: mbweha aliyeshindwa kuzifikia zabibu akasema ni chungu. Kila aliyesoma shule ya msingi kwetu anamjua sungura na kauli yake, sizitaki mbichi hizi. Hapa usifasiri. Tumia yetu.

*Steal someone's thunder*, kumpora mtu sifa au nafasi yake ya kung'ara, ni mojawapo ya chache ambazo tunamjua mwenyewe. John Dennis alibuni namna mpya ya kutoa mlio wa radi kwa tamthilia yake, iliyochezwa katika ukumbi wa Drury Lane, London, 1709. Tamthilia ilifeli na kuondolewa. Muda mfupi baadaye akaenda kutazama *Macbeth* hapohapo, akasikia radi yake ikinguruma, akainuka kwa hasira kwamba wamemwibia.

## Hadithi zinazopendwa zisizo za kweli

14. Ni kweli kwamba *saved by the bell* na *dead ringer* zilitokana na watu kuzikwa hai?

Hapana. Majeneza yenye kengele yalibuniwa kweli katika karne ya 19, kwa hofu hiyohiyo, lakini nahau hizi hazikutoka humo. Ya kwanza ni ya ulingo wa ndondi: bondia anayekaribia kuanguka huokolewa na kengele ya mwisho wa raundi. Ya pili ni ya mbio za farasi Marekani, ambako *ringer* alikuwa farasi aliyeingizwa kwa siri badala ya mwingine anayefanana naye. *Dead* hapo ni kabisa, kwa hiyo *dead ringer* ni anayefanana kabisa na mwingine. Barua pepe iliyotajwa kwenye swali la 5 ndiyo iliyozieneza hadithi hizi za makaburi.

15. *Rule of thumb* ilikuwa sheria ya kumpiga mke?

Swali hili huniletea watu wenye uchungu wa haki, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Wanawake walipigwa, na mahakama nyingi ziliwafumbia macho waume. Lakini sheria ya Kiingereza iliyoruhusu fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba haikuwahi kuwapo. Mwaka 1782 jaji Francis Buller alisemekana ametamka maneno hayo, na mchoraji James Gillray akamchora akiuza fimbo na kumwita Jaji Gumba. Nahau yenyewe ni kongwe kuliko jaji. Mahubiri ya James Durham yaliyochapwa 1685 yanataja wajenzi wapumbavu wanaojenga kwa kukisia na kwa kipimo cha gumba.

Ni kipimo cha fundi, kama shibiri, dhiraa na pima kwetu. Maana yake ni kanuni ya makadirio inayotokana na uzoefu.

16. Nimesoma kwamba *mumbo jumbo* imetokana na mambo na jambo ya Kiswahili. Ni kweli?

Si kweli, ingawa masikio yetu yanavutika. Maneno hayo yaliandikwa na Francis Moore katika kitabu cha safari zake cha 1738, na safari zenyewe zilikuwa Mto Gambia, Afrika Magharibi. Alieleza juu ya Wamandinka na mtu aliyevaa vazi refu la kuficha sura, ambaye aliwatia hofu wake waliogombana majumbani. Msafiri Mungo Park naye alimweleza baadaye. Kutoka hapo Waingereza wakalifanya neno la dharau kwa ibada za Waafrika, na mwishowe likawa maneno matupu yasiyoeleweka. Ni mali ya Wamandinka, nao wana haki ya kuulizwa kuhusu heshima iliyopotea njiani.

*Jumbo* kwa maana ya kikubwa ilienezwa na ndovu mwenye jina hilo wa bustani ya wanyama ya London, aliyefika huko 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, 1882, na kufa kwa kugongwa na treni nchini Kanada 1885. Lakini neno lilikuwa mitaani London tangu 1823 likimaanisha mtu mkubwa mzito, kabla ndovu huyo hajazaliwa. Hoja kwamba ni jambo yetu huanguka hapo.

17. *The whole nine yards*: yadi tisa za nini?

Si za kitu chochote, na ndilo jibu ambalo watu hawalipendi. Maana ni kila kitu, kizima bila kubakiza. Nimesikia yadi za sari, za sketi ya Kiskoti, za mkanda wa risasi wa ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Watafiti waliochimba magazeti ya zamani walikuta *the full nine yards* huko Indiana 1907, na *the whole six yards* huko Kentucky 1912. Wakati huo ndege za kivita za vita vile hazikuwapo bado. Na ikiwa yadi ziliweza kuwa sita, basi hazikuwa zikipima kitu maalumu. Namba ilitumika kwa mkazo tu.

## Matumizi na mambo magumu

18. Naweza kuzitumia popote?

La. *Kick the bucket* msibani ni tusi. Kwenye rambirambi andika *passed away*. *Spill the beans* na *piece of cake* (jambo rahisi) ni za mazungumzo, hazifai ripoti ya ofisini. *Bite the bullet*, *by and large* na *turn a blind eye* zinakubalika hata bungeni.

19. Naweza kubadili maneno yake au kuiweka katika kauli ya kutendwa?

Inategemea nahau. *The beans were spilled* inaeleweka. *The bucket was kicked* inarudi kuwa ndoo na teke. Sababu ni kwamba katika ya kwanza kila kipande kina mwenzake katika maana: kumwaga ni kufichua, maharage ni siri. Katika ya pili ndoo haisimami badala ya kitu chochote. Jipime kwa yetu: siri imetobolewa ni sawa, lakini ungo umevunjwa na binti huyu humrudisha msikilizaji jikoni.

20. Je, zinazofanana kwa maneno hufanana kwa maana?

Hapa ndipo wafasiri huanguka. *Beat about the bush* ni kuzungukazunguka bila kusema jambo, kama wasaidizi wa mwindaji wanaopigapiga vichaka kabla ndege hawajakamatwa. Yetu ya kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa. Ukichanganya hizo mbili katika tafsiri ya mahakamani, umemshtaki mtu asiye na hatia.

Chumvi nayo ni mtego. Kwetu mwenye kutia chumvi ni msimuliaji anayezidisha, na aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwa Waingereza *take it with a grain of salt* ni msikilizaji anayepokea habari kwa shaka. Wanaihusisha na Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, aliyenakili dawa ya kuzuia sumu ya Mfalme Mithridates: tini mbili, kokwa mbili kavu, majani 20 ya mmea mchungu, na punje ya chumvi. Kwa hiyo kwetu chumvi iko kinywani mwa msemaji, kwao iko mkononi mwa msikilizaji. *Salt of the earth*, mtu mwema asiye na makuu, ni Mathayo 5:13, na hiyo ni yetu sote.

21. Uingereza na Marekani hutumia zilezile?

Si zote. Mwingereza ana *storm in a teacup* (kelele nyingi kwa jambo dogo), *touch wood* (kujikinga na mkosi baada ya kutaja heri), *flog a dead horse* (kujisumbua na jambo lililokwisha) na *skeleton in the cupboard* (siri ya aibu). Mmarekani anasema *tempest in a teapot*, *knock on wood*, *beat a dead horse* na *skeleton in the closet*. *Bob's your uncle*, yaani na kazi imekwisha, huwashangaza Wamarekani. Husemwa ni kwa sababu Robert Cecil, waziri mkuu, alimpa mpwa wake Arthur Balfour cheo cha kusimamia Ireland 1887. Upendeleo huo ulitokea kweli, lakini maneno yenyewe huanza kuonekana miaka ya 1920. Kanuni ya swali la 3 inahusika.

22. Nahau ikiwa na asili ya kikatili, niache kuitumia?

*Sell someone down the river* ni kumsaliti mtu. Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje 1808, biashara ya ndani ikanenepa. Watu walichukuliwa Kentucky na majimbo jirani, wakashushwa kwa mto Mississippi hadi Natchez na New Orleans kuuzwa kwenye mashamba ya pamba na miwa, mbali na wake, waume na watoto wao. Mto huo ulikuwa mto kweli, na waliouzwa walikuwa watu kweli.

Wengine husema neno likishazoeleka limesafishika. Mimi nimesimama Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873, na siwezi kusema hivyo. Ninapofasiri simulizi za watumwa wa Marekani huiacha ilivyo na kumweleza msomaji mto ni upi. Katika habari ya mchezaji aliyehamia klabu pinzani, siiandiki. Kiingereza kina *betrayed*, nalo linatosha.